Karatasi Moja, Tiketi Mbili

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya uji na chanjo, tuongee juu ya safari. Akina mama wengi wa rika langu na walionitangulia wanapanda ndege siku hizi, wala si kwa matembezi. Binti amejifungua Ujerumani, mama anaitwa akamkande mzazi na kumwogesha mtoto. Mwana anahitimu masomo Kanada. Dada yuko Uingereza na anaumwa. Na tiketi hainunuliwi tena mjini kwa yule karani tuliyemzoea. Kijana wa nyumbani anashika simu, anaandika mji wa kutoka na mji wa kwenda, na mara orodha ndefu ya nauli inatokea, ile ya rahisi kabisa ikiwa juu. Namba za kadi ya benki zinaingizwa, na safari imelipiwa kabla chai haijapoa.

Kwa dada yangu ilikuwa hivyo hivyo. Yeye anakaa Morogoro. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza huko Ujerumani, mtoto ametanguliza matako, na madaktari walikwisha kupanga tarehe ya upasuaji. Mume wa binti ni mtu wa zamu za usiku. Ikakubaliwa bibi aende. Viza ya Ujerumani ilipatikana baada ya mahangaiko ambayo sitayaeleza hapa. Nauli ilitoka katika akiba yake ya kikundi, na sisi ndugu tukaongezea. Mwanawe wa mwisho akatafuta tiketi kwa wakala wa kwenye intaneti, akapata iliyo pungufu ya nyingine kwa zaidi ya laki nne: Dar es Salaam hadi Dubai kwa shirika moja, Dubai hadi Frankfurt kwa shirika lingine. Karatasi ilikuja kwa barua pepe. Ilikuwa moja, yenye bei moja, jina moja na namba moja juu. Niliiona kwa macho yangu nikasema, safi.

Siku ya safari tulimsindikiza. Tulikuwa tumefunga masanduku mawili, vitenge vya mzazi vimo, unga wa lishe umo. Yule binti wa kaunta akaipekua pasipoti mara mbili, kisha akauliza, "Mama, viza yako ya Dubai iko wapi?"

Dada akamjibu, "Mwanangu, mimi siendi Dubai. Napita tu. Naenda kwa binti yangu Frankfurt."

"Samahani mama. Kwetu sisi safari yako inaishia Dubai. Hiyo ndege ya pili hatuioni. Ukifika pale utachukua masanduku yako, utoke nje, ukaanze upya kwa shirika lile lingine. Na bila viza hawakuruhusu kutoka. Sisi hatuwezi kukupakia."

Tulibishana, nakiri. Nami nilipandisha sauti, jambo ambalo sikujivunia baadaye, kwa sababu yule binti alisema kweli tupu. Mtanzania anahitaji viza kuingia Dubai, na shirika likimbeba abiria asiye na hati zinazotakiwa, hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama yake. Tukampigia wakala. Simu iliita katika nchi nyingine, tukasubiri sana, tukajibiwa kwa upole kwamba masharti tuliyoyakubali yanasema viza ni juu ya msafiri. Tulipokwenda kuyasoma, kweli yalikuwemo. Shirika la pili nalo likaandika kwamba abiria hakutokea, basi nauli imepotea.

Mjukuu alizaliwa kwa upasuaji siku ile ile iliyopangwa. Bibi yake alikuwa Morogoro, amekaa sebuleni na masanduku mawili ambayo hakutaka yafunguliwe. Alifika siku ya tisa, kwa tiketi mpya. Kwa siku zile jirani Mturuki ndiye aliyempikia mzazi supu.

Kwa nini ikawa hivyo?

Mwanzoni nilidhani tumetapeliwa. Sivyo. Ili mweleweshane na vijana wenu wanaonunua tiketi, naomba nieleze kwa mfano wa kazini kwangu.

Mgonjwa anaweza kufika hospitali ya mkoa kwa njia mbili. Ya kwanza ni rufaa: kituo cha afya kimeandika barua, kimepiga simu, gari la wagonjwa limemleta, na sisi tunampokea tukijua ametoka wapi na amepewa dawa gani. Njia ikikwama, walioandika rufaa wanahusika. Ya pili, mgonjwa anaondoka kituoni mwenyewe, anapanda bodaboda, anajitokeza mapokezi kwetu. Atatibiwa, lakini anaanza upya foleni, na akichelewa hakuna aliyekuwa akimngojea. Wote wawili wamepita mahali pale pale. Tofauti ni kwamba mmoja amekabidhiwa mkono kwa mkono.

Mashirika ya ndege nayo yana mikataba ya kukabidhiana abiria na mizigo yao. Ni mambo ya zamani. Wenye umri wangu mtakumbuka zile tiketi za kitabu, zenye karatasi nyembamba na rangi nyekundu nyuma inayochafua vidole. Kila ndege ilikuwa na kipande chake, na karani wa kila uwanja alichana cha kwake. Kitabu kimoja kiliweza kubeba ndege za mashirika matatu, na kila shirika lilikiheshimu. Tiketi hizo za karatasi ziliachwa na mashirika ya umoja wa IATA tarehe 1 Juni 2008, lakini utaratibu wenyewe ulibaki, umehamia tu katika kompyuta. Baadhi ya mashirika yamejiunga katika vikundi vitatu vikubwa, yaani Star Alliance ulioanza 1997, oneworld 1999, na SkyTeam 2000. Ethiopian imo katika cha kwanza, Qatar Airways katika cha pili, Kenya Airways katika cha tatu. Mengine, kama Emirates, hayamo katika kikundi chochote lakini yana mikataba na mashirika mengi.

Sasa wakala wa kwenye intaneti anaweza kukuuzia rufaa, yaani tiketi moja inayoheshimiwa na mashirika yote mawili. Anaweza pia kununua tiketi mbili zisizojuana, akazipanga juu ya karatasi moja. Hiyo ya pili si wizi. Mara nyingine mashirika hayo hayana mkataba wowote, na hakuna njia nyingine ya kuyaunganisha, na bei huwa nafuu kwelikweli. Taabu ni kwamba katika ile orodha zinafanana kama mayai mawili. Onyo huwa lipo, maneno machache tu, kwamba abiria atajihamisha mwenyewe au kwamba tiketi zimetengana. Mwombe kijana akutafutie maneno hayo kabla hajabonyeza mahali pa kulipa. Na zile sauti zinazokuharakisha, kwamba viti vimebaki viwili, zisikubabaishe.

Uangalie namba

Karatasi ya wakala ina namba yake mwenyewe, ambayo kwenye kaunta ya uwanja haisaidii kitu. Unayoitaka wewe ni namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Kama ndege zako zote mbili zinabeba namba moja, hiyo ni tiketi moja, hata ikiwa ndege ya pili ni ya shirika jingine. Kama ya kwanza inaanza 176 na ya pili inaanza namba tofauti kabisa, jua una tiketi mbili. (Safari yenye ndege zaidi ya nne hupata namba ya pili inayofuatana na ya kwanza, maana tiketi moja haizidi vipande vinne. Hiyo isikutie hofu.)

Namba hii hutolewa baada ya kulipa, hivyo kabla ya kulipa uulize kwa maandishi: je, ni tiketi moja, na je, mizigo yangu itaandikwa hadi mwisho wa safari? Wakala asiyejibu swali hilo amekwisha kukujibu.

Dada alipoteza nauli kwa ajili ya viza, lakini lingeweza kuwa jingine. Ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, mwenye tiketi moja hutafutiwa ndege nyingine na shirika, maana limeahidi kumfikisha. Mwenye tiketi mbili hununua upya. Hata sheria huzitazama tofauti. Katika Umoja wa Ulaya ipo kanuni ya mwaka 2004 inayompa abiria fidia ya euro 250 hadi 600 kwa kuchelewa sana, kama kosa ni la shirika. Mama anayeondoka Frankfurt kurudi Dar es Salaam kwa tiketi moja, akafika saa nyingi nyuma ya wakati kwa sababu ndege ya kwanza ilimkosesha ya pili, safari yake huhesabiwa kuwa moja hadi Dar es Salaam. Mwenye tiketi mbili huhesabiwa kila kipande peke yake, na kipande cha kwanza kilichochelewa dakika 70 si kitu mbele ya kanuni hiyo, hata kama kimemwacha usiku uwanjani.

Nataja pia viwanja, kwa kifupi. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton; Istanbul ina kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Karatasi itasema "Istanbul" mara mbili nawe utadhani ni mlango wa pili. Na Mtanzania au Mkenya anayepita London anatakiwa kuwa na viza ya kupitia hata asipotoka nje ya uwanja, isipokuwa ana viza mojawapo ya zinazosamehewa, kama ya Marekani au Kanada. Dada zetu wa Kongo wanadaiwa viza ya kupitia hata katika viwanja vya nchi za Schengen. Uliza ubalozi. Karani wa wakala hatakwenda nawe kwenye dirisha la uhamiaji.

Jina la nani?

Hapa sisi tulioolewa tuna shida yetu wenyewe. Pasipoti ilitoka ukiwa na jina la baba. Kadi ya benki ina jina la mume. Kijana naye anakujua kwa jina analolisikia kanisani na sokoni, ndilo analoandika. Kwenye tiketi yanatakiwa yale ya pasipoti tu, herufi kwa herufi. Fungua ule ukurasa wenye picha, tazama mistari miwili ya chini kabisa. Baada ya herufi P na TZA linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili mfano wa mishale, kisha majina mengine. Nakili kutoka hapo. Kazini kwetu hatumpi mgonjwa sindano kabla ya kusoma jina mkononi mwake na kumwuliza kwa mdomo. Fanya vivyo hivyo, mmoja asome kwa sauti na mwingine atazame simu. Kosa katika tiketi moja hurekebishwa mahali pamoja. Katika tiketi mbili kuna mabwana wawili, ada mbili, na wakala akidai yake katikati. Mashirika mengine ya bei nafuu hukwambia ununue upya.

Ya afya, ambayo wakala hatakwambia

Nauli rahisi mara nyingi ina kungoja kurefu, saa 14 Nairobi au Addis Ababa. Kumbuka kwamba Tanzania hudai cheti cha homa ya manjano si kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo tu, bali hata kwa aliyepita katika uwanja wake wa ndege kwa zaidi ya saa 12. Kenya na Ethiopia zimo. Kwa hiyo mama aliyetoka Ulaya, ambako hadaiwi cheti, anaweza kudaiwa akirudi nyumbani kwa sababu tu ya uwanja aliolala. Chanjo huanza kukubaliwa siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiende jioni ya safari. Na kama una kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, usichanjwe tena: tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote.

Mwenye mimba asome masharti ya kila shirika. Mengi huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na mengi hayambebi mwenye mtoto mmoja tumboni baada ya wiki ya 36. Wa mapacha hukomea mapema zaidi. Kwenye tiketi mbili shirika la kwanza laweza kukukubali na la pili likakukatalia ugenini. Kiti cha magurudumu kwa bibi nacho huombwa kwa kila shirika, angalau saa 48 kabla, na ukimwambia wakala peke yake usidhani ujumbe umefika. Dawa za sukari na shinikizo la damu zikae katika mkoba wa mkononi, kwenye maboksi yake. Nimeona mama aliyeziweka sandukuni, na sanduku likabaki nyuma siku nne.

Mwenye mtoto anayebebwa mapajani atazame tarehe ya kuzaliwa. Akitimiza miaka 2 katikati ya safari, kurudi atahitaji kiti chake na nauli yake.

Fedha ikirudi, inarudi kwa nani?

Hili lilitusumbua kuliko yote. Mara nyingi wakala hulipa shirika kwa kadi yake mwenyewe baada ya kuchukua fedha yako. Ndege ikifutwa, shirika hurudisha kwa yule aliyelilipa, yaani wakala. Ukiliuliza shirika, litasema limekwisha kulipa. Ukimwuliza wakala, atasema anangojea. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozisimamisha ndege, watu wengi duniani walikaa miezi wakitupwa huku na huku namna hiyo.

Tena mabadiliko ya saa hutumwa kwa anwani iliyoandikwa wakati wa kununua, ambayo wakala mwingine huweka ya kwake. Omba namba ya uhifadhi ya kila shirika, ile yenye herufi na tarakimu sita, uingie nayo katika ukurasa wa shirika lenyewe na kuandika simu yako na barua pepe yako. Kisha tazama mara moja kila wiki.

Huenda mama mmoja ananiuliza, je, tiketi mbili ni mbaya siku zote? Hapana. Ukitoka Mwanza, ukanunua ya Dar es Salaam peke yake, ukalala kwa shemeji usiku mmoja ndipo uondoke kesho yake, hujakosa kitu. Hata mimi nafanya hivyo. Ubaya ni kuziweka saa mbili katikati na kuziita safari moja. Kinyume chake pia kipo: kama Mwanza na Dar es Salaam ziko ndani ya tiketi moja na safari ya nje, usiache ndege ile ya kwanza ukaamua kupanda basi ili umwone mtu njiani. Mashirika mengi yakiona hukutokea mwanzo hufuta vipande vyote vinavyofuata, na cha kurudi kikiwamo.

Tiketi ya pili ya dada tuliinunua katika ofisi ya wakala Dar es Salaam, ana kwa ana. Ilikuwa ghali kuliko ya kwanza, na jumla ya hasara siitaji kwa sababu shemeji anasoma gazeti hili. Yule karani alishangaa mama mzima anamwomba ageuze kioo cha kompyuta. Nikazisoma tarakimu 13 kwa ndege zote mbili, zikawa zile zile. Uwanjani, binti wa kaunta alipofunga kibandiko kwenye sanduku, dada aliinama akakisoma mwenyewe: juu kabisa FRA, chini yake DXB. Akanigeukia akasema, "Haya, sasa mnaweza kwenda nyumbani."

Mzazi alikuwa ameshaanza kutembea. Hakukandwa tumbo kwa maji ya moto, maana aliyepasuliwa hakandwi, na hilo nilimwonya bibi yake mara tatu kabla hajaingia ndani.